Siku Mbaruku Alipopima Vibaya

Kaka yangu Mbaruku hauzi kompyuta kama watu wengine wanavyouza. Duka letu liko Mabatini, katikati ya muuza vipuri vya pikipiki na saluni ya kiume, na mteja akiingia akasema anataka kompyuta, swali la kwanza analoulizwa ni siku gani atakuwa nyumbani. Wengi hucheka. Kuna mama aliwahi kuniuliza kama kaka yangu anauza mashine au anatafuta mchumba. Nilimjibu kwamba vyote viwili vimemshinda.

Tabia hiyo kaitoa kwa baba. Mzee Abdillah, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na hakuwa anatia mkasi kwenye kitambaa kabla hajakupima, hata kama alikushonea suti mwezi uliopita. Mbaruku hakupenda sindano, alipenda vitu vya umeme, lakini daftari la vipimo la baba alilichukua yeye, na kurasa za nyuma zilizobaki tupu ndizo anazoandikia mpaka leo. Anakwenda kwa mteja na kigoda chake, anakaa pembeni tangu asubuhi, anamtazama mtu akifanya kazi yake kwenye mashine aliyonayo, na kila robo saa anaandika: prosesa, ule ubongo wa mashine, imetumika kiasi gani, memori imejaa kiasi gani, mtu amekaa akisubiri dakika ngapi. Jioni anafunga daftari na kutamka kama baba: "Huyu saizi yake ni hii." Hapo hata umlilie, hakuuzii nyingine.

Mimi ndiye ninayekaa mbele ya duka. Nauza chaja, nyaya na kava za simu, na ni mimi ninayewaona wateja wakikunja uso na kuvuka barabara kwenda kwa wenzetu ambao hawapimi mtu. Tumegombana kwa hilo mpaka nimechoka. Mwenye stationari mmoja alikuja anataka mashine kubwa ya kutisha, anazo hela mkononi, na Mbaruku akamwambia kazi zake za kuchapa barua zinatoshwa na ile anayotaka kuitupa, isafishwe tu vumbi. Akaisafisha. Nilikaa siku nzima bila kumsemesha kaka yangu, na yeye, nafikiri, alifurahia huo utulivu.

Mama Prudencia alikuja kwetu siku ya soko, kabla ya adhuhuri. Alikuwa mama wa kupita miaka sitini, Mhaya, mjane, amenyooka kama rula, gauni lake limepigwa pasi hadi mikononi, na alivuka kizingiti chetu kwa kukipapasa kwanza kwa ncha ya kiatu. Nilimwamkia. Alinigeukia kwa kichwa kizima, taratibu, kama anayenitafuta, na aliponipata ndipo akaitikia.

"Marahaba mwanangu. Ninamtafuta fundi anayepima."

Nilimwita Mbaruku atoke kule nyuma. Mama alikaa, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa zamani, ule wa kufundishwa kwa fimbo. Kulikuwa na majina mawili ya prosesa. La juu lilikuwa la ile ya kawaida, ambayo watu wengi wenye kazi nzito kidogo huwekewa, yenye viini kumi na sita, yaani kama wafanyakazi kumi na sita wenye mikono miepesi ndani ya kipande kimoja. La chini lilikuwa la ile ya wakubwa, inayofungwa kwenye mashine za maabara na studio za filamu, yenye viini sitini na nne. Mimi hiyo ya chini nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Bei yake kwa Mwanza ni ya kununulia kiwanja.

"Mjukuu wa dada yangu alinisomea kwenye mtandao," alisema. "Nataka kujua ipi inanifaa. Na nataka kujua mapema, maana macho yangu yanaondoka."

Alilisema hivyo hivyo, kama anayetaja siku ya kulipia maji. Ilikuwa ni presha ya macho. La kushoto lilikwishazima. La kulia lilikuwa linafunga kutoka pembeni kuja katikati, na yeye mwenyewe alisema anaona kama anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alikuwa akimpa dawa za kuchelewesha, lakini hakuwa amemwahidi mwaka.

"Unafanya kazi gani, mama?" Mbaruku aliuliza.

"Nachora chini ya ziwa," alisema.

Ninataka kueleza jambo hili vizuri. Mama Prudencia alikuwa mchora ramani ofisini, miaka thelathini na mmoja. Alichora mipaka ya viwanja, barabara, vijiji, na kila alipofika ukingo wa ziwa alifanya alichoagizwa: alipaka rangi ya bluu na kuendelea na kazi nyingine. Alipostaafu alijiuliza chini ya ile bluu kuna nini. Ingekuwa mimi ningeishia kujiuliza. Yeye aliteremka mwaloni, wanakoshushia samaki, akawatafuta manahodha wa mitumbwi ya sangara na dagaa, wale wenye kile chombo kidogo cha kupimia kina, akawaomba wawe wanamwachia kadi za kumbukumbu za vyombo hivyo. Yeye naye angewapa karatasi zinazoonyesha miamba iliyojificha iko wapi, ili wasipasue mitumbwi. Wa kwanza kukubali alikuwa nahodha mmoja anayeitwa Yeremia, ambaye alidhani mama huyu amechanganyikiwa na akaona si vizuri kubishana naye. Karatasi ya kwanza ilipomwepusha na jiwe ambalo lilikwishamlia propela mbili, alimletea wenzake sita.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Kila wiki kadi zilifika nyumbani kwake Pasiansi, zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni na zinanuka samaki, na kila wiki mama alizimimina kwenye kompyuta. Alikuwa na vipimo vya kina zaidi ya milioni mia nne, njia za mitumbwi zikipita na kupishana kwenye ghuba ya Mwanza kwa miaka yote hiyo. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Nilimtazama yule mama, na vidole vyake vyembamba vimeshika mkoba magotini, nikasahau hata kumkaribisha maji.

"Alhamisi nitakuwa nyumbani," alisema, maana alikwishasikia utaratibu wa kaka yangu.

Alhamisi Mbaruku alibeba kigoda na daftari akaenda Pasiansi. Alirudi jioni ameshiba ndizi, na uso wake una ile raha ya mtu aliyepata jibu safi.

"Ya kawaida inamtosha," alisema. "Tena inamtosha na kubaki."

"Kaka, mama anataka ile kubwa. Amesema ana kiwanja Misungwi anaweza kukiuza."

"Ndiyo maana! Nimuache mjane auze kiwanja kwa ajili ya viini ambavyo vitakaa bure? Nimekaa pale saa nane nzima, Bushra. Memori haikuvuka nusu hata mara moja. Anafungua kipande, anakisafisha, anakifunga, anafungua kingine. Kwa kazi ya namna ile, ile ndogo ni nyepesi kuliko hata ile kubwa, maana kila kiini chake kinakwenda mbio zaidi. Angalia." Akanionyesha daftari. Ilikuwa kweli. Robo saa kwa robo saa, tarakimu zimejipanga.

Nilimwambia kwamba mtu mzima anajua anachokitaka. Aliniambia mimi nawaza faida. Tuliachana kwa kununa, lakini ndani ya moyo wangu, nikiri, nilimheshimu. Wauza kompyuta wangapi wangemzuia mteja asinunue kikubwa?

Alimpigia mama simu, akamweleza. Mama akasema, "Kama umepima, baba, basi." Prosesa ya kawaida ikaja na basi kutoka Dar, Mbaruku akaiunda mashine kwa siku mbili, tukaipeleka Pasiansi pamoja. Kipande cha ramani kilichokuwa kinachukua dakika tano kufunguka, kilifunguka kabla mama hajamaliza kuvuta kiti. Mbaruku alicheka kama mtoto. Mama alishukuru, akatupa kahawa ya kutafuna ya kwao Bukoba, akatusindikiza mpaka getini. Kila kitu kilikuwa sawa, ila kushukuru kwake kulinikaa vibaya. Alishukuru kama mtu anayemshukuru daktari aliyemwambia hakuna la kufanya.

Wiki mbili baadaye nilikwenda peke yangu kumpelekea waya tuliousahau. Sikuwa nimepiga simu. Niligonga, akasema karibu, nikaingia, nikasimama na viatu mkononi, maana hapakuwa na pa kukanyaga.

Sebule nzima ilikuwa ziwa. Karatasi arobaini na moja, kila moja kubwa kama gazeti lililofunguliwa, zimetandazwa sakafuni kutoka kabatini mpaka mlango wa jikoni. Viti vimepandishwa juu ya meza. Kulikuwa na rangi za kina, kahawia kwa maji mafupi, kisha kijani, kisha bluu, kisha zambarau kule kwenye kiza. Milima ilikuwepo. Miamba kama hii yetu ya Mwanza, iliyobebana, kumbe inaendelea kushuka na kubebana chini ya maji, maili kwa maili, na sisi tunaishi juu ya ncha zake tu. Na Mama Prudencia alikuwa amepiga magoti katikati, kichwa kimeinama karibu kabisa na karatasi, anahama kidogo kidogo.

"Mama, hizi zilikuwa wapi siku ile kaka alipokuja?"

Alinyanyua kichwa, akanitafuta, akanipata. "Chumbani, chini ya kitanda. Mgeni anakuja, mwanangu, nitamkaribisha kwenye fujo hii?"

Nikakaa chini pale pale mlangoni. Alikuwa amefagia. Mbaruku alikuwa anakuja kupima kazi yake, na yeye, kama mwanamke yeyote wa Bukoba aliyelelewa vizuri, alikuwa amefagia kazi, akaificha chumbani, akapika ndizi.

Akanionyesha. Kwenye karatasi nyingi kulikuwa na shimo refu la zambarau, linatokea ukingoni na kuishia ukingoni. Kwenye karatasi inayofuata kulikuwa na shimo jingine, karibu na mahali lile la kwanza lilipoishia, lakini hayakukutana. Huku kina mita thelathini na moja, kule ishirini na nane. Hapa limesogea kulia, pale kushoto. Kila kipande alikuwa amekisawazisha kivyake, na maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa misimu, na kila chombo cha nahodha kina uongo wake mdogo, kwa hiyo kila kipande kilikuwa na uongo wake.

"Miaka yote najiuliza," alisema. "Ni mashimo mengi, au ni kitu kimoja?"

"Kwa nini usivifungue vyote kwa pamoja, visawazishane?"

"Nilijaribu mwaka wa pili. Kompyuta ilikataa, ikazima. Nikajaribu tena, ikazima. Ndiyo nikajifunza kukata vipande. Vinavyoingia."

"Na hukumwambia Mbaruku?"

Mama alifuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye karatasi. "Alikuja kupima kazi yangu, nikamwonyesha kazi yangu. Hilo lingine si kazi. Ni tamaa tu. Nilitaka niione yote mara moja, kabla ya jicho hili. Lakini fundi amesema inatosha, mimi ni nani nibishane na fundi?"

Nilirudi Mabatini nikiwa na hasira, sijui hata kwa nani. Mbaruku alikuwa nyuma ya duka anatia gundi feni ya mtu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima maneno ya kumtia adabu. Nilipomweleza, nilianza kwa kelele nikamaliza kwa kunong'ona, kwa sababu nilimwona anavyobadilika. Aliweka feni chini. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa mama, akausoma mstari kwa mstari.

"Nimempima amevuta tumbo," alisema.

Ndivyo baba alivyokuwa akisema juu ya wateja wanaojibana mbele ya futi kamba, suti ikaja kuwapasukia harusini. Mama yule alikuwa amejibana kwa miaka tisa. Kazi yake alikuwa ameipunguza mpaka ikaenea kwenye mashine, na kaka yangu alikuja akapima mashine inavyojaa, akaona haijai, akafurahi.

"Si umwongezee memori tu kwenye ile ile?" niliuliza.

"Bodi ile ina nafasi nne. Ukizijaza zote bado ni theluthi ya anachohitaji." Akachukua kalamu, akanichorea nyuma ya risiti. "Sikia. Ile ndogo ni mafundi kumi na sita, wepesi sana, lakini meza yao ya kukatia ni fupi. Kitambaa kirefu hakilali. Lazima ukikate kwanza ndipo ukitie mezani. Ile kubwa ina mafundi sitini na nne, na kila mmoja ni mzito kidogo kuliko wale. Lakini meza! Prosesa ile inabeba memori nafasi nane, kubwa kubwa. Ziwa zima linalala mezani bila kukatwa. Sio wingi wa mafundi aliokuwa anautaka. Alikuwa anataka meza."

Siku hiyo hiyo alikwenda Pasiansi, akavua viatu mlangoni, akamwomba mama radhi. Nilikuwepo. Alijitolea kuichukua ile mashine ya kwanza na kuitafutia mnunuzi, akampata mpiga picha wa harusi ambaye mpaka leo anaisifu. Lakini juu ya kiwanja cha Misungwi alishindwa kusema, akabaki anazungukazunguka. Mama akamkatisha.

"Baba, nyumba ya Misungwi ningeijenga nije niitazame na nini?"

Kiwanja kikauzwa, nasi tukaagiza.

Prosesa ile kubwa ilichukua wiki tano kufika. Siku Mbaruku alipoifungua alifunga mlango wa duka, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana, akanawa mikono mara mbili. Nilitarajia kitu cha kutisha. Kilikuwa kibati cha kung'aa, kinajaa kiganja cha mkono. Akakigeuza. Upande wa chini kulikuwa na vitone vya dhahabu zaidi ya elfu nne, vimepangwa kwa mistari, hakuna hata kimoja kilichokwenda upande. Kila kitone ni njia. Nilijaribu kuwaza mkono wa binadamu uliofika huko mpaka ukaweza kupanga vitu vidogo hivyo, nikashindwa, nikasema Subhanallah, na Mbaruku akasema usikipumulie.

Alikilaza kwenye kitako chake kama anayemlaza mtoto mchanga, akakaza skrubu kwa zamu, zamu, huku akihesabu kwa midomo. Kisha memori nane. Kisha feni kubwa ambayo ilituzidi sisi wote kwa heshima. Alipoiwasha na ile orodha ya viini sitini na nne ikatokea kwenye kioo, vyote vimetulia vinasubiri kazi, aliniita nije nione, akanionyesha kwa kidole.

Tuliipeleka Pasiansi Jumatano. Mbaruku aliazima betri za sola kwa rafiki yake Farouk, kwa sababu hesabu ya kusawazisha ghuba nzima ingechukua karibu siku tatu na umeme wetu tunaujua. Mama alikaa mbele ya kioo, akasogeza kichwa mpaka alipokipata kitufe cha kuanzia. Vipimo milioni mia nne, miaka kumi na moja ya kadi za kunuka samaki, bila kukatwa. Alibonyeza. Orodha ya viini ikajaa mara moja, vyote sitini na nne, na chumba kikaanza kupata joto. Mama aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, akakiacha hapo muda mrefu.

Umeme ulikatika mara mbili, betri zikashika. Mbaruku alikwenda kila asubuhi kuangalia na kila asubuhi alirudi akisema, "Bado, lakini haijakataa." Jicho la mama lilikuwa limepungua tena wiki zile. Siku ya Alhamisi alinimwagia chai pembeni ya kikombe, akaniomba radhi, nami nikajifanya ni mimi niliyekisogeza.

Jumamosi alasiri alipiga simu. Hakusema lolote ila "Njooni." Tulifunga duka.

Tulimkuta amekaa mbele ya kioo, ramani hajaifungua. Alikuwa anatungoja. Mbaruku alimfungulia.

Niliona ghuba yote, kuanzia kule mwisho wa kusini inakoanzia kama mkono mwembamba mpaka kaskazini inakofunguka kwenye ziwa kubwa. Hakuna mshono hata mmoja. Na katikati yake, kutoka chini kwenda juu, kulikuwa na mto. Mto, naapa, na kona zake, na vijito vinavyoungana nao kutoka pande zote mbili, na mahali ulipojigawa ukazunguka kilima na kukutana tena. Mto uliotiririka pale siku ambazo hakukuwa na ziwa, pakiwa nchi kavu. Sijui ni miaka mingapi iliyopita, wataalamu watasema wao. Nilishika mkono wa kaka yangu. Nilikuwa nimeyapita maji yale kwa kivuko tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na mto huo ulikuwa chini yangu siku zote.

Mbaruku alikuwa analia wazi wazi.

Ndipo nilipomwangalia Mama Prudencia. Alikuwa ameinamia kioo, pua inakaribia kugusa, na kichwa chake kinahama. "Hapa ni lile shimo la kadi za Yeremia," alisema. "Hapa limekutana. Naona limekutana." Akahama. "Hapa kuna... ngoja. Hapa nimepotea." Akarudi alikotoka, akaanza tena. Ule mto wote ulikuwa mbele yake, nusu hatua, na yeye alikuwa anauona kwa tundu la bomba lile, kipande, kipande, kipande.

Mbaruku naye aliona. Sitaisahau sura yake. Alitaka kukuza picha, akaona ni ujinga, akaiacha. Akataka kuipunguza, mto ukawa uzi, akairudisha. "Mama," alisema, "mama, nisamehe."

Mama alijinyoosha. Alikaa kidogo akifikiri, kama ninavyodhani alivyofikiri miaka thelathini mbele ya meza ya kuchorea. Kisha akasimama, akasukuma kiti, akaanza kurudi nyuma. Hakugeuka. Uso wake uliendelea kutazama kioo, na mkono mmoja ulikuwa unapapasa nyuma. Alifika kwenye kabati, akalizunguka. Alifika mlangoni, akashuka ile ngazi moja kwa kisigino. Akaenda nyuma uani, hatua baada ya hatua, akapita chini ya kamba ya nguo, mpaka mgongo wake ukagusa tangi la maji.

Mbaruku alielewa kabla yangu: kwa mbali, kioo kizima kinaingia ndani ya bomba lile. Alikamata kioo kwa mikono miwili akakielekeza mlangoni, akavuta pazia la dirisha ili mwanga usikiharibu. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, nimeduwaa, namtazama yule mama kule mbali, mdogo, na jicho lake moja.

"Bushra, mwanangu," aliita, "toka mlangoni."

Nilitoka.

Alitazama. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kuku walipita, jirani alimwita mtu, na yeye hakutikisika. Kisha akashuka polepole huku mgongo ukiburura kwenye tangi, mpaka akakaa chini kwenye udongo, na lile gauni lake la pasi.

"Ni mmoja," alisema. "Mbaruku, baba. Ni mto mmoja."

Nilitaka kwenda kumwinua, Mbaruku akanishika bega. Alizima feni ya dari, ili umeme ukikatika betri zidumu, nasi tukakaa pembeni ya mlango, kila mmoja upande wake, tusimzibe.